Nani Amwonyeshe Nani Kitambulisho

Msikilizaji wangu, nasema nawe uliyeko Palma, Mocímboa da Praia, Macomia, Ibo na Pemba, nawe uliye ng'ambo ya mto Ruvuma, kule Mtwara, unayetusikia pia. Leo nimekuja kuzungumza juu ya watu wawili wanaokutana kila siku katika pwani hii ya Cabo Delgado: askari polisi, na mtu asiye na kwake.

Huyu asiye na kwake wa huku si yule tunayemwona kwenye picha za miji ya Ulaya, amejikunja peke yake kwenye baraza ya duka. Wa kwetu alikuwa na nyumba. Alikuwa na minazi, shamba la mihogo, sehemu yake katika mashua, mlango wenye komeo. Aliondoka usiku, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, nyuma yake makuti yanawaka. Mwishoni mwa mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, liliwahesabu zaidi ya milioni moja, karibu wote kwa sababu ya vita hivi vya Cabo Delgado. Tangu hapo wengi wamerudi makwao, na wengine waliorudi wamekimbia tena. Julai 2025, wilaya ya Chiúre pekee ilishuhudia makumi ya maelfu wakishika njia kwa siku chache tu.

Mnakumbuka Paquitequete. Kati ya Oktoba na Novemba 2020, zaidi ya watu 10,000 waliteremka kwenye mchanga ule wa wavuvi wa Pemba, wakitoka Quissanga, Macomia, Mocímboa da Praia na visiwani, kwenye mashua zilizojaa hadi maji yanachungulia ndani. Tarehe 29 Oktoba moja ilizama kati ya Matemo na Ibo, na makumi ya watu wakafa maji. Waliofika salama walilala ufukweni, wenye kiu, wenye vidonda, wanawake wengine wakiwa wajawazito. Wenyeji wa Paquitequete, ambao wenyewe hawana kitu, waliwapikia uji na kuwagawia maji ya visima vyao. Sifa ile ni yao na hakuna wa kuwanyang'anya.

Lakini serikali inapomfikia mtu wa namna hii, mara nyingi uso wake wa kwanza huwa ni uso wa askari, na neno lake la kwanza huwa ni moja. Bilhete. Leta bilhete. Unatoka wapi, unakwenda kwa nani, bilhete yako iko wapi?

Mtu huyu bilhete, yaani kitambulisho cha taifa, hana. Iliungua na sanduku. Au ilikuwa kwa mume, na mume hajaonekana tangu siku ile. Au iliondoka na maji ya kimbunga Kenneth, kilichoingia pwani yetu tarehe 25 Aprili 2019 na kulaza Macomia na Ibo kabla vita havijafika huko kwa ukali wake wote. Au hakuwahi kuwa nayo, maana ofisi ya vitambulisho iko makao ya wilaya, nauli ni fedha, na mvuvi wa Pangane au mkulima wa Quiterajo aliishi miaka 40 bila kuulizwa na mtu yeyote yeye ni nani. Kijijini kila mtu anamjua. Babu yake kazikwa pale. Huo ndio ulikuwa utambulisho wake, na kijiji kile sasa hakina mtu.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu nadhani hapa ndipo uhusiano wote wa polisi na waliopoteza makazi unapoharibika. Askari anaomba karatasi kwa mtu ambaye karatasi yake imepotea kwa sababu askari hakuwepo kumlinda. Maneno yangu si ya kumdhihaki askari. Nitamrudia, naye ana msiba wake. Nasema tu kwamba deni liko upande wa dola. Dola ndiyo iliyoahidi ulinzi na ndiyo inayotoa vitambulisho. Mtu akifika mbele yake mikono mitupu, cha kwanza kinachompasa kupata ni maji na cha pili ni karatasi. Kudaiwa kuje baadaye sana.

Tazameni mambo yanavyokwenda kwenye barabara ya N380, kutoka njia panda ya Sunate kupanda Macomia hadi Awasse. Gari linasimamishwa. Watu wanateremka, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Wenye bilhete wanarudi kwenye viti. Wasio nayo wanabaki juani. Mwenye guia, ile barua ya katibu wa bairro, yaani mtaa, au ya chifu inayosema fulani ni mtu wetu, anaweza kupita ikiwa muhuri unasomeka na askari ameamka vizuri. Asiye na guia anaulizwa kama ana refresco, yaani soda. Kila msikilizaji wangu wa Msumbiji anaijua refresco hiyo, na anajua kwamba hainywewi pale. Kwa mchuuzi wa samaki wakavu ni sehemu ya faida ya siku. Kwa mama aliyepokea unga wa msaada juma lililopita na hana sarafu, ni kubaki kizuizini hadi jioni, watoto wakilia, mpaka dereva aondoke au mtu mwenye huruma amlipie.

Kijana je? Kijana wa miaka 20, wa pwani, msemaji wa Kimwani, asiye na bilhete, anayetoka Mucojo au Mocímboa: huyo ana mashaka mengi juu ya kichwa chake kabla hajafungua kinywa. Askari amefundishwa, au amejifundisha kwa hofu, kwamba mashababi, wale waasi wa vita hivi, walio wa mwanzo walitoka kwa watu wa namna hii. Ni kweli kwamba baadhi yao walitoka huko. Ni kweli zaidi kwamba waliochinjwa, waliochomewa na waliotekwa watoto wao ni watu wa huko huko. Kijana yule amekimbia kwa kukataa kujiunga. Angetaka kuwa nao angebaki msituni, asingepanda gari la abiria lenye vizuizi kila hatua.

Uhusiano huu haukuanza na vita. Pwani yetu ina kumbukumbu ndefu ya mtu mwenye bunduki anayekuuliza karatasi. Kuanzia miaka ya 1890 hadi 1929, eneo lote hili lilikuwa chini ya Companhia do Niassa, kampuni iliyopewa na Ureno haki ya kutawala, kutoza kodi na kuuza jasho la watu. Makao yake yalikuwa Ibo, kisha yakahamia Pemba, iliyobatizwa Porto Amélia. Walinzi wake, wale masipai, walizunguka vijijini kudai kodi ya kibanda. Wanaume wakikimbilia porini, masipai waliwafungia wake zao hadi waume warudi na fedha. Watu wengi walivuka Ruvuma kukwepa adha hiyo, na wajukuu wao ndio baadhi ya Wamakonde na Wamakua walioko Mtwara na Lindi leo.

Juu ya kampuni ilikuwepo sheria. Kanuni ya kazi ya mwaka 1899 ilimwekea kila mwenyeji wajibu wa kufanya kazi, na asiyeonekana kufanya kazi kwa macho ya Mreno alikamatwa na kupelekwa chibalo, kazi ya shuruti. Baadaye ikaja caderneta, kile kijitabu cha mwenyeji. Bila caderneta hutoki wilaya yako. Kanuni ya adhabu ya mwaka 1886 nayo ilikuwa na hatua dhidi ya wazururaji na ombaomba: kutokuwa na makazi na kazi kulitosha kukuweka chini ya ulinzi, hata kama hukuiba hata yai.

Uhuru ukaja mwaka 1975, na tulitazamia habari hizo ziishe. Zikarudi kwa mlango mwingine. Katikati ya mwaka 1983 serikali ya Frelimo ilianzisha Operação Produção. Mji ulikuwa na njaa, vita na Renamo vimepamba moto, na ikaamuliwa kwamba wasiozalisha waondolewe Maputo na Beira wapelekwe kulima kaskazini. Kwanza ikasemwa ni kwa hiari, kisha ikawa kwa nguvu. Askari na vikundi vya mtaa walisimamisha watu njiani na kuwadai kadi: ya utambulisho, ya mkazi, ya kazi. Asiyekuwa nazo zote alipandishwa ndege au lori. Makumi ya maelfu walitupwa, wengi wao Niassa, mkoa jirani yetu, wengine porini kabisa, ambako walioanza kulima walilima na waliokufa walikufa. Walichukuliwa wanawake kwa madai ya ukahaba kwa sababu tu hawakuwa na hati ya ndoa, na wageni mjini waliofika kutembelea ndugu. Wazee wa Niassa wanaweza kukuonyesha wapi watu wale waliteremshwa. Tangu siku hizo raia wa Msumbiji anajua rohoni kwamba kukosa kadi si jambo dogo. Kunaweza kukutenga na watoto wako kwa maisha yako yote.

Sheria yenyewe leo imebadilika. Kanuni ile ya 1886 iliondoka mwaka 2015, ilipoanza kutumika kanuni mpya ya adhabu, na uzururaji wake ukaenda nayo. Katiba, kifungu cha 55, inampa kila raia haki ya kukaa na kutembea popote nchini. Jirani zetu wa Malawi nao walipata hukumu yao Januari 2017, katika kesi ya Mayeso Gwanda, mchuuzi aliyekamatwa alfajiri akienda kuuza mifuko ya plastiki. Mahakama Kuu ikasema kifungu cha uzururaji kilichotumiwa kumkamata kinavunja katiba. Kisha tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa pale Arusha, ilitoa maoni yake kufuatia ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika: sheria zinazomfanya mtu mkosaji kwa sababu hana makazi, hana kazi au hawezi kujieleza vya kutosha mbele ya askari, zinapingana na Mkataba wa Afrika. Nchi zikatakiwa kuzifuta au kuzirekebisha.

Tazameni tarehe hiyo. Desemba 2020. Majaji wa Arusha wanasoma maoni yao, na huku Pemba ua wa nyumba moja una watu 20 au 30, familia tatu au nne juu ya mikeka, na vijana hawatoki usiku kununua hata dawa kwa kuogopa doria.

Na sasa nimrudie askari, kama nilivyoahidi. Vita hivi vilianza kwake. Alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017, washambuliaji wapatao 30 waliingia Mocímboa da Praia na kuvamia vituo vitatu vya polisi. Askari waliuawa na silaha zikachukuliwa. Machi 2020 waliingia Mocímboa tena, na siku mbili baadaye Quissanga, wakapiga picha na bendera yao mbele ya kituo cha polisi. Agosti mwaka huo wakaiteka Mocímboa, na haikurudi hadi tarehe 8 Agosti 2021. Askari wa vituo vile walikuwa vijana wa mshahara mdogo, wengine wametoka mikoa ya kusini ya Gaza na Inhambane, hawaijui njia wala lugha. Wake na watoto wa polisi nao walipanda mashua zile zile. Wapo polisi ambao leo ni deslocados, yaani wakimbizi wa ndani, wanavaa sare mchana na usiku wanalala kwenye chumba cha kuazima.

Hofu ya askari ina sababu. Mashababi wamewahi kujichanganya na raia, wakaingia mjini siku kabla ya shambulio. Lakini mwambieni askari pia upande wa pili wa jambo hili. Mashababi hao hao wamewahi kuja wamevaa sare za jeshi. Watu wa Mocímboa na wa Palma waliwaona wanaume wenye magwanda wakadhani wamekuja kuwaokoa. Basi mama wa Palma anapokutana na mtu mwenye sare njiani, jua linazama, naye hana njia ya kumjua. Hawezi kumwambia: chefe, nionyeshe wewe kwanza kitambulisho chako. Ananyamaza na kutetemeka, na kutetemeka kwake kunahesabiwa kuwa ni ushahidi.

Hapa ndipo ninapoona makosa makubwa ya vita hivi upande wa dola. Baada ya shambulio la Oktoba 2017 polisi walikamata mamia, misikiti ikafungwa na mingine kubomolewa. Watu 189 walipelekwa mahakamani Pemba. Hukumu ilipotoka Aprili 2019, waliotiwa hatiani hawakufika 40, na waliobaki wengi wakaachiwa huru. Kumbe waliokaa ndani miezi na miezi bila hatia walikuwa wengi kuliko wenye hatia. Kila mmoja wao ana mama, ana ndugu, ana mtaa mzima uliomwona akichukuliwa. Ukitaka mtaa huo ukuletee habari kwamba jana usiku zimepita sura ngeni kisimani, umeshaupoteza. Na hakuna askari duniani anayeweza kulinda pwani yenye misitu, mikoko na visiwa kama yetu bila habari za watu. Deslocado ndiye anayejua njia walizopita, ndiye aliyewaona kwa macho, na mara nyingine anawajua kwa majina. Mtu huyo alipaswa kukaribishwa na kusikilizwa kwa utulivu, badala ya kuwekwa juani kwa ajili ya refresco.

Waliojaribu kumsikiliza nao walipata taabu, na hili linatuhusu sisi watu wa redio. Tarehe 5 Januari 2019, Amade Abubacar wa redio ya jamii ya Nacedje, Macomia, alikamatwa na polisi akiwa kazini, akizungumza na familia zilizokimbia mashambulizi. Alipelekwa kambi ya jeshi Mueda, akafungiwa bila kuonana na wakili, na hakuachiwa hadi Aprili, baada ya siku zaidi ya 100. Tarehe 7 Aprili 2020 akapotea Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma. Alikuwa ametoka kazini jioni. Ujumbe wake wa mwisho kwa mwenzake ulisema amezingirwa na wanajeshi. Familia yake imeuliza tangu siku hiyo na haijapewa jibu. Kila ninaposogea kwenye kipaza sauti namkumbuka Ibraimo, na naomba wasikilizaji wa Palma wamkumbuke, na wenye jibu walitoe.

Halafu ikaja Palma yenyewe. Tarehe 24 Machi 2021 mji ulishambuliwa, na maelfu walikimbilia Quitunda, kile kijiji kilichojengwa pembeni ya Afungi kwa ajili ya waliohamishwa kupisha mradi wa gesi. Wakawa wamezungukwa: nyuma vita, mbele bahari, kando uzio wa mradi. Agosti mwaka huo Human Rights Watch walieleza kwamba askari walikuwa wakiwazuia watu kuondoka Quitunda na kuwapiga waliojaribu. Fikirieni hali hiyo. Mtu asiye na makazi anafukuzwa kila mahali duniani, anaambiwa ondoka hapa. Wa kwetu anaambiwa usiondoke. Mgongo wake ni ule ule, na anayemwamuru ni yule yule mwenye silaha.

Waliotembea kwa miguu kwenda kaskazini waliukuta mto. Ruvuma haujawahi kuwa ukuta kwa watu wa pande hizi mbili. Tumeoana, tumezikana, tumeuziana chumvi. Lakini baada ya shambulio la Kitaya, upande wa Mtwara, Oktoba 2020, Tanzania iliubana mpaka. UNHCR ilieleza kwamba katika nusu ya kwanza ya mwaka 2021 zaidi ya watu 9,600 walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano, wengi wao wanawake na watoto. Wengine walitenganishwa na jamaa zao katika kurudishwa huko. Nawaambia ndugu zangu wa Tanzania kwa heshima kamili: mliwapokea babu zetu waliowakimbia masipai, mkawapokea wapigania uhuru wetu, na nchi nzima ya Msumbiji inalijua hilo. Ndiyo maana Negomano iliuma zaidi.

Lipo jambo moja ambalo wakazi wa Mocímboa hulitaja wenyewe bila kuulizwa. Julai 2021 Rwanda ilileta wanajeshi na polisi 1,000, na baadaye wengi zaidi. Wengi wao wanasema Kiswahili. Askari mgeni anasimama sokoni, anamwamkia mzee shikamoo, anauliza bei ya pweza, anaelewa jibu. Nafuu imekuja hapo, na watu wamelala usingizi. Mimi nafurahi kwa nafuu hiyo, na pia inanihuzunisha. Mgeni kutoka nchi isiyo na bahari anaweza kuzungumza na mama wa mtaa wa Milamba, Mocímboa, na askari wa nchi yake anahitaji mkalimani. Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kimakua ni lugha za raia wa Msumbiji. Chuo cha polisi kinaweza kuajiri vijana wanaozisema, wakiwemo vijana hao hao waliokimbia. Nchi inayopeleka polisi pwani bila lugha ya pwani inampeleka kijana kuwa bubu na kiziwi penye hatari, na mtu asiyesikia hukimbilia fimbo.

Turudi kwenye karatasi, maana ndipo penye njia ya kutoka. Msumbiji ina sera ya wakimbizi wa ndani iliyopitishwa Septemba 2021, na imejiunga na Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009, ambao kifungu chake cha 13 kinaitaka serikali iwaandikishe waliohama na kuwapa hati walizopoteza. Tangu 2021 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji, UCM, kwa kushirikiana na UNHCR na idara za serikali, kimekuwa kikipeleka brigada za kuzunguka kambini na vijijini: zinaandikisha watoto, zinatoa vyeti vya kuzaliwa na kupokea maombi ya bilhete. Nimewasikia watu waliopata bilhete kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka 60. Kazi hii ni ndogo kuliko haja, na fedha za misaada zilipungua sana mwaka 2025, lakini inaonyesha kwamba jambo linawezekana. Tena limepaswa kurudiwa, maana Desemba 2024 kimbunga Chido kilipiga Mecúfi na kutawanya makaratasi ya watu waliokuwa wameyapata juzi tu.

Ninachoomba ni kidogo. Mtu akishaomba bilhete hupewa talão, ile stakabadhi ya maombi. Bilhete yenyewe inaweza kuchukua miezi. Kamanda wa polisi wa mkoa anaweza, kwa waraka mmoja unaosomwa asubuhi katika kila kizuizi kutoka Sunate hadi Palma, kuamuru kwamba talão inatosha, na kwamba kwa asiye na talão barua ya katibu wa bairro inatosha. Haihitaji bunge wala wafadhili. Na kizuizi kiwe na daftari: nani kazuiwa, saa ngapi, na askari gani, kwa sababu gani. Refresco haipendi daftari.

Nawe msikilizaji uliyekimbia, ukae Metuge, Ancuabe, Montepuez au Pemba, usingoje waraka huo. Brigada ikifika mtaani kwako, nenda siku ya kwanza, peleka na watoto wote, pamoja na yule mchanga; mtoto asiye na cheti atakwama shuleni kabla ya kukwama barabarani. Kama huna hati yoyote, nenda na watu wawili wanaokujua tangu kijijini. Talão ukishaipata, itie kwenye mfuko wa plastiki na uipige picha, na picha hiyo umpe ndugu mwingine aihifadhi.

Ukikamatwa wewe au kijana wako, usikubali apotee kimyakimya. Uliza jina la kituo. Sheria inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48. Nenda IPAJ, ofisi ya serikali ya msaada wa kisheria, iliyoko katika miji ya wilaya. Wakili wao halipwi na wewe. Mweleze siku, saa, mahali, na alivyovaa kijana. Mama mmoja akienda peke yake huambiwa arudi kesho, basi nendeni watano, kumi, na katibu wa bairro awe mbele, na mzee wa msikiti au padri pamoja nanyi. Wiki ijayo, saa kama hii, tutakuwa na afisa wa vitambulisho hapa studio kujibu maswali yenu. Tumeni maswali hayo tangu sasa, kwa Kimwani, Kimakwe, Kimakonde, Kimakua au Kiswahili, nasi tutamsomea moja moja.